Nyumba inanuka mkojo wa paka kila mvua ikinyesha, nifanyeje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kitangiri hapa Mwanza, nyumba ya kupanga. Mwaka jana panya walituzidi. Walikuwa wanashuka kutoka kwenye miamba ya nyuma, wanaingia darini, wanakula mpaka sabuni. Mume wangu akaleta paka dume akiwa mdogo, watoto wakamwita Bosi. Kazi yake ameifanya kweli, siku hizi panya sisikii hata mmoja. Shida ni kwamba amekua, na sasa anakojoa ndani.

Anakojolea ubavu wa sofa, pazia, fremu ya mlango, na kona moja ya sakafu nyuma ya kabati. Paka wa majirani wakilia usiku ndiyo anazidi. Nimemwaga jiki, nimepiga deki na dawa zenye marashi, udi nafukiza kila jioni. Siku za jua harufu inapoa, nasema nimeshinda. Mvua ikinyesha tu inarudi palepale. Juzi nilimwaga jiki nyingi kwenye kona ya sofa, tukakohoa wote mpaka tukatoka nje.

Zamu ya kikoba ilipofika kwangu, mama mmoja alikaa na khanga puani tangu kikao kinafunguliwa mpaka kinafungwa. Hakusema kitu, lakini niliona, na tangu siku hiyo nimeomba vikao vifanyike kwa wenzangu. Mume wangu anasema paka akatupwe soko la samaki la Mwaloni, huko atakula dagaa mpaka achoke. Binti yangu wa mwisho akisikia hivyo analia. Halafu mwezi ujao wifi yangu anakuja kutoka Sengerema, ni mjamzito, atakaa kwetu akihudhuria kliniki Bugando. Mama mkwe ameshapiga simu kusema harufu ya paka inaharibu mimba.

Naomba uniambie ukweli: harufu hii inatoka, au ndiyo tumeshaharibu nyumba ya watu? Na paka ni lazima aondoke?

Mama Neema, Kitangiri

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Kabla ya yote, jiki iondoe karibu na hiyo sofa leo hii. Kile kikohozi kina sababu. Mkojo wa paka una urea, ileile ambayo wakulima wananunua kwa mifuko kuwekea mahindi na mpunga. Bakteria wakiivunja inatoa amonia, na ndiyo ule ukali unaochoma pua. Jiki ikikutana na amonia inatoa gesi ya kloramini, ambayo inaunguza macho, koo na mapafu. Mtoto mwenye pumu akiivuta kwenye chumba kilichofungwa, mtakesha hospitali. Wala usijaribu kutia siki juu ya jiki ukidhani unapoza: hapo inatoka klorini yenyewe, nayo ni hatari zaidi. Popote ulipomwaga jiki, suuza kwa maji mengi, fungua madirisha, acha pakauke kabisa, ndipo uendelee na haya ninayokuandikia.

Sasa swali lako. Harufu inatoka, na nyumba ya watu hujaiharibu. Ila haitatoka kwa kufunikwa. Udi na marashi ya deki vinaelea hewani, wakati mkojo umekaa ndani ya sponji, ndani ya mbao za sofa na ndani ya vitundu vya saruji. Ni lazima uufuate hukohuko.

Na mvua uliiona vizuri. Ndani ya mkojo kuna vitu vinavyoyeyuka kwenye maji, hivyo deki inavichukua. Lakini kuna asidi ya uriki, ambayo haiyeyuki kirahisi. Inakauka na kubaki fuwele ndogondogo zilizong'ang'ania kwenye nyuzi za kitambaa na kwenye saruji, na dekio linapita juu yake tu. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, zinatulia. Vuli ikianza, au masika, hewa ya huku ziwani inajaa unyevu, pale palipokuwa pakavu panalowa kidogo, bakteria wanapata kazi tena, na pua zenu zinajua. Kwa hiyo inayopanda siku ya mvua ni harufu ya zamani, nayo inakuonyesha mahali ambapo bado hujafika.

Dume ambaye hajahasiwa ana na la ziada. Mkojo wake una kitu kinaitwa felinini, ambacho kinavunjika taratibu na kutoa harufu yenye salfa, inayodumu na kukera kuliko ile ya jike. Kwake huo siyo uchafu, ni tangazo: anawaambia madume wengine wa mtaa kwamba sebule hii ina mwenyewe. Ndiyo maana wakilia usiku anazidisha.

Mvizie umwone akifanya. Akisimama akakipa kitu mgongo, mkia umeinuka juu na ncha inatetemeka, miguu ya nyuma inakanyagakanyaga, mkojo ukaruka nyuma kwenda ukutani au kwenye sofa, hapo anaweka alama. Akichuchumaa na kuacha dimbwi chini, huyo alibanwa na haja, na choo chake ama hakipo ama hakipendi. Kuna na la tatu, na hilo usilisubirie kesho: akichuchumaa mara kwa mara, anajikamua, analia, yanatoka matone au hayatoki kabisa, njia ya mkojo imeziba. Dume wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Anapelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa ulivyoeleza, Bosi anaweka alama, na huenda ile kona ya nyuma ya kabati ameifanya choo. Kwa hiyo kazi inaanza na yeye, kabla ya sofa. Ukisafisha nyumba yote huku dume bado yuko vilevile, wiki ijayo atarudia, tena kwa bidii, kwa sababu tangazo lake limefutwa. Mhasi. Ni upasuaji mdogo, paka analazwa kwa dawa ya usingizi, na kwa kawaida anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Madume walio wengi sana huacha kunyunyiza au hupunguza mno ndani ya wiki chache, na mkojo wenyewe unapungua ukali kwa sababu ile felinini inashuka. Ofisi ya mifugo ya kata yenu, au ya Manispaa ya Ilemela, itakuelekeza kwa daktari aliyesajiliwa. Usikubali mtu amhasi uani kwa wembe bila ganzi. Huo ni ukatili, na kidonda kinaoza. Ukiwa hapohapo, omba apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye anaupata na watoto wako wanacheza naye.

Baada ya hapo tafuta madoa yote, hata yale usiyoyajua. Nenda kwa wakala wa miamala ya simu au kwenye duka la jumla mtaani kwenu, uazime ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti bandia. Ngoja usiku uingie, zima taa zote, shusha mapazia, kaa kidogo macho yazoee giza. Pitisha tochi karibu kabisa na sakafu, kisha ubavu wa sofa, miguu ya meza, fremu za milango, ukuta mpaka usawa wa goti. Mkojo uliokauka unang'aa manjano yenye ukijani. Ukiona rangi ya bluu kali kwenye kitambaa usishtuke, hayo ni masalia ya sabuni ya unga. Kila doa lizungushie mstari wa chaki, maana asubuhi hutaliona. Watu wengi wanakuta madoa mahali ambapo hawakuwa wakipahisi hata kidogo, na pale walipokuwa wakisugua kila siku hapana kitu.

Sofa ndiyo kazi kubwa. Vua foronya zote zinazovulika, toa sponji uone umanjano umeingia mpaka wapi. Foronya na mapazia loweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzymes), vitu vinavyovunjavunja uchafu. Hizo ni zile ambazo pakiti yake inasema zinatoa madoa ya damu, mayai na jasho, lakini soma viungo uhakikishe. Maji yasiwe ya moto, vimeng'enya vinakufa, na doa linashikana na kitambaa. Asubuhi fua, suuza, kisha maji ya mwisho yatie kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa ndoo, ili amonia iliyobaki itulizwe. Anika juani. Usipige pasi mpaka unuse kitambaa kikiwa kikavu na uridhike.

Sponji inataka uvumilivu. Mkojo ulizama ndani, kwa hiyo dawa nayo lazima izame; kunyunyizia juujuu ni kupoteza pesa. Peleka sponji uani, mimina maji ya sabuni ileile mpaka yatokee upande wa pili, kanyaga kwa miguu, mimina tena, halafu suuza mpaka maji yatoke meupe. Iache ikauke kabisa, kwa jua la Mwanza siku mbili au zaidi, ukiigeuza. Kisha inuse kwa karibu. Ikiwa bado ina harufu, nunua duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Nusu lita changanya na vijiko viwili vya chakula vya beking soda na kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Mimina palepale penye doa, iache robo saa ikitoa povu, suuza, anika tena. Peroksaidi inaichoma ile asidi ya uriki na vitu vya salfa, jambo ambalo sabuni peke yake hailiwezi. Vaa glovu. Inaweza kufifisha rangi, kwa hiyo kwenye kitambaa cha sofa jaribu kwanza pembeni kusikoonekana. Na mchanganyiko huo ukibaki mwage, usiufunge kwenye chupa. Unazalisha gesi na chupa inapasuka.

Ukikuta kwenye duka la dawa za mifugo dawa maalumu ya vimeng'enya kwa ajili ya mkojo wa paka na mbwa, inunue, inafanya kazi vizuri mahali pasiposuguliwa. Ukiikosa usihangaike, haya niliyokuambia yanatosha nyumba nyingi.

Kama sponji imeloa miezi na haisikii dawa, usinunue sofa mpya. Mwite fundi sofa abadilishe sponji ya upande huo tu, na kabla hajafunga mwambie afute mbao za ndani kwa siki na maji nusu kwa nusu, azikaushe, azipake vanishi. Mafundi wengi wanaweka sponji mpya juu ya mbao zenye mkojo, na mwenye sofa analalamika baada ya mwezi.

Ile kona ya sakafu nyuma ya kabati sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, suuza, halafu mimina maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vimeng'enya mpaka saruji inywe, funika na kipande cha turubai usiku kucha ili pasikauke haraka. Kesho yake suuza, kausha, maliza na peroksaidi. Ikiwa ni marumaru, angalia ile mistari ya katikati, ndiyo inayokunywa. Ukutani, ile sehemu ya chini iliyopakwa rangi ya mafuta inafutika kwa sabuni na siki bila shida. Sehemu yenye rangi ya maji imeshanyonya: ioshe, iache ikauke siku kadhaa, ikwangue kwa msasa, ipake praima ya mafuta, ndipo rangi ya juu. Ukipaka rangi juu ya mkojo ambao haujaoshwa utaufungia humo na utapenya tu. Mweleze mwenye nyumba kabla hujaanza. Mpangaji anayesema "nataka kukarabati kona hii kwa gharama zangu" ni nadra kukataliwa.

Kuna vitu nakuomba usivitumie hata shoga yako akivisifu. Majivu na magadi ya kupikia makande vinaipandisha amonia hewani badala ya kuishika, harufu itakuwa kali mara mbili. Nafthalini na mafuta ya taa kwenye deki ni sumu. Paka anajilamba miguu, na mtoto anayetambaa naye analamba mikono. Zile dawa za kuua vijidudu ambazo zinageuka nyeupe ukizitia majini nazo zina kemikali ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja. Mkaa uliowekwa kwenye bakuli unasaidia kidogo kabatini, lakini haufikii mkojo ulio ndani ya sofa. Madirisha fungua mchana, upepo unapotoka ziwani; usiku upepo hugeuka.

Mpe na choo chake. Beseni pana, mchanga mkavu wa kujengea au vumbi la mbao lisilotiwa dawa, liwekwe mahali patulivu, mbali na bakuli la chakula. Kinyesi kitolewe kila siku, mchanga ubadilishwe wote kila wiki. Usimtume mtoto akauchote ndani ya maji ya ziwa, kichocho kipo. Na akila dagaa wakavu, waloweke kwanza, maji safi yawepo siku zote; asiyekunywa maji anakojoa mkojo mzito, unaonuka zaidi na unaoziba njia.

Kuhusu wifi. Harufu yenyewe haitoi mimba, ingawa amonia inaweza kumtia kichefuchefu, na mjamzito ana haki ya hewa safi. Mama mkwe hakuota lakini; lipo jambo la kweli nyuma ya maneno yake. Paka anaweza kubeba kimelea kiitwacho toksoplazma, ambacho mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito kinaweza kumdhuru mtoto. Kinapita kwenye kinyesi cha paka, kwenye udongo, na kwenye nyama isiyoiva. Kinyesi kinahitaji angalau siku moja ndipo kiwe na uwezo wa kuambukiza, ndiyo maana nasisitiza kila siku. Wifi asiguse beseni lile, asilime bustani bila glovu, anawe mikono, ale nyama iliyoiva na mboga zilizooshwa vizuri. Mweleze mama hivi kwa upole, aone kwamba umelichukua neno lake.

Na Baba Neema. Usibishane naye wakati chumba kinanuka, maana hapo ana haki yote. Mwombe muda mpaka wifi afike, umwambie gharama ya kuhasi na ya dawa, umwonyeshe madoa ya chaki kwa macho yake. Mkumbushe aliyemleta paka na kwa nini. Miamba iko palepale, panya wako palepale, na Bosi akiondoka nafasi yake itachukuliwa na dume mwingine wa mtaa, asiye na chanjo, atakayekojolea mlango wenu kutokea nje. Kumtupa Mwaloni ni kumpeleka paka aliyezoea kulishwa akapigane na wenyeji. Asipojeruhiwa atajaribu kurudi. Kama mwisho wa yote mnakubaliana hawezi kukaa, mtafutieni mtu anayemhitaji, mwenye duka la nafaka kwa mfano, akishahasiwa.

Mwezi mmoja unatosha ukipanga vizuri. Wiki hii daktari wa mifugo na tochi. Wiki ijayo mapazia, foronya na sponji, ukiomba siku za jua. Sakafu na ukuta zifuate, na chumba atakacholala wifi kiwe cha kwanza, mlango wake ukiwa umefungwa Bosi asiingie. Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya hapo, zunguka nyumba nzima ukinusa. Ukikuta sehemu bado inatoa, azima tena tochi.